Nahodha na Mama Mkwe Wake

Mpishi alikuwa amepika katika merikebu ile ya milingoti mitatu kwa miaka kumi na minne. Jiko lake lilikuwa chumba cha hatua mbili na nusu. Kila sufuria aliifunga kwa kamba, na bahari ikichafuka alijifunga na yeye. Maji ya kunywa yalikuwa kikombe asubuhi na kikombe jioni. Ya kuoga yalikuwa baharini, tele, kwa anayependa kuwashwa.

Mambo yaliharibika pale nahodha alipomwoa binti wa mwisho wa Mpishi.

Si kwamba alikuwa mtu mbaya. Alianzia humo humo kama baharia wa kupanda milingoti, na Mpishi aliwahi kumchapa mwiko mkononi kwa kuchota sukari. Lakini sasa alikuwa mkwe, na mkwe hamtumi mama mkwe. Akitaka chai, alimwambia msaidizi wake, "Mwombe mama, kama ana nafasi," na mama mwenyewe yuko hatua tatu tu, anamenya vitunguu, anasikia yote.

"Mwambie baba maji hayajachemka," naye hujibu.

Msaidizi alikonda.

Siku ya kumi na tisa ya safari, nchi kavu haionekani mbele wala nyuma, upepo ukageuka ghafla. Hali ikiwa hivyo, moto wa jikoni huzimwa kwanza, maana merikebu ni mbao, kamba na lami. Msaidizi alikuwa juu mlingotini, anahangaika na tanga. Nahodha akamwachia baharia mmoja usukani, akashuka jikoni mwenyewe.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba. Karibu."

"Ahsante. Samahani kwa usumbufu. Nilikuwa naomba, kama haitakuwa vibaya, huo moto..."

"Maharage yamebakiza kidogo tu."

"Haya, mama."

Akabaki pale ameshika mlango, maji ya bahari yanamwingia viatuni. Merikebu ikalala ubavu. Kaa la moto likaruka, likatua sakafuni katikati yao.

"Mpishi!" nahodha akabwata. "Zima moto! Sasa hivi!"

Mpishi akamwaga sufuria nzima ya maharage juu ya makaa, kisha akalikanyaga lile la sakafuni. Mikono na miguu ilitii kabla yeye hajaamua.

Dhoruba ilikwisha alasiri. Mabaharia walikula mikate mikavu. Nahodha hakula. Alijifungia na ramani zake siku hiyo na siku iliyofuata, kwa aibu ya kumfokea mama mkwe. Siku ya tatu Mpishi akampelekea sahani.

"Nahodha," akasema. Hakuwahi kumwita hivyo. "Kula. Ungepiga kelele mapema, ningezima mapema."

"Nisamehe, mama."

"Nyumbani ndiyo, mimi mama. Huku nina kazi."

Nahodha akala, akaomba nyongeza. Tangu hapo akawa anaamuru mwenyewe, bila kupitia kwa mtu. Alianza na moto, akaja kwenye chai, na kufikia siku ya ishirini na sita alikuwa na maoni kuhusu chumvi.

Mpishi alimsikiliza mpaka mwisho, akaona pengine alikuwa amefanya haraka kumpelekea ile sahani.