Akina Mama Walioondolewa Kwenye Matokeo

Nilimwita Dada, ingawa hatukuwa na undugu. Alikuwa Mkenya kama mimi, mtafiti wa saikolojia aliyeheshimika chuoni. Nilipofika Minnesota kusomea shahada ya pili, alinikaribisha kwake Woodbury mpaka nilipopata chumba. Jumapili tukipika pamoja alinifundisha kazi ya utafiti kuliko darasa lolote.

"Kabla hujakusanya data," aliniambia, "sema waziwazi ni matokeo gani yatakufanya ukubali kwamba umekosea. Ukishindwa kuyataja, huo si utafiti. Ni mahubiri."

Nadharia tete yake ilikuwa rahisi: wakimbizi wanaosimulia kwa mpangilio yale yaliyowapata vitani hulala vizuri kuliko wasiosimulia. Tuliwagawa kwa kura akina mama wa Kikongo waliokuwa wakikutana kwenye chumba cha chini cha kanisa moja kule Crystal. Kundi moja lilisimulia. Kundi la kulinganisha lilifundishwa tu sheria za barabarani, ili wapate leseni ya udereva. Mimi ndiye niliyetafsiri maswali na kuwahoji wote, kabla na baada. Tulikubaliana kwamba wale wa leseni wakilala vizuri sawa na waliosimulia, dhana yetu imeanguka.

Wa leseni walilala vizuri mno. Walikuja wakicheka, wakibishana nani apite kwanza kwenye makutano. Kati ya waliosimulia, baadhi walipata nafuu, lakini wengine walizidiwa. Mmoja wao, mama wa makamo kutoka Uvira, aliacha vikao katikati, ila akaja kwenye mahojiano ya mwisho kwa hiari yake.

"Mbona umekuja, mama?" nilimuuliza.

"Nimekuja uandike. Nilikuwa nimeanza kusahau, binti yangu. Sasa kila usiku ile mambo inarudia. Uandike vizuri, wasifanyie wengine."

Niliandika. Nilimpelekea Dada majibu yote, nikamwambia nahisi tumekosea. Akasema kwenye simu, "Wacha niangalie."

Wiki chache baadaye aliyawasilisha matokeo mbele ya idara nzima. Nilikaa safu ya pili nikijisikia mtu, maana jina langu lilimulikwa ukutani chini ya lake. Kisha mchoro ukatokea: waliosimulia wamewapita wa leseni kwa mbali. Sikuutambua. Mtu mmoja akauliza mbona kundi la kwanza limekuwa dogo. Dada akajibu bila kusita kwamba washiriki kadhaa waliondolewa kwa sababu ya kasoro za tafsiri, hawakuelewa maswali. Watu wawili watatu walinigeukia kwa huruma.

Nilimfuata mpaka kwenye maegesho.

"Dada, wale akina mama walielewa. Mimi ndiye niliyewauliza."

"Kiswahili cha Kongo si chetu. Unajua hivyo."

"Basi mbona ume-drop waliozidiwa peke yao? Waliopata nafuu wanaongea Kiswahili kilekile. Wa leseni pia."

Alifungua mlango wa gari. "Hii kitu inasaidia watu. Nimeiona kwa macho yangu. Siwezi kuizika kwa sababu ya watu wachache."

"Lakini wewe ndiye uliyeniambia..."

"Nilikuambia mengi. Ingia, kuna baridi."

Sikuingia. Nilitembea hadi kituo cha treni nikilia ndani ya skafu. Angeweza kutafuta kisingizio kingine chochote. Alichagua Kiswahili changu, akijua kwamba kwenye idara ile hakuna mwingine ambaye angeweza kukikagua.

Nililalamika rasmi kwa uongozi wa chuo. Walimwita, akajieleza, wakaridhika. Nikaambiwa kwamba ni tofauti ya maoni ya kitaalamu. Niliomba jina langu liondolewe kwenye makala ya utafiti ule, likaondolewa haraka kuliko nilivyotarajia. Makala ikatoka, ikieleza kwa sentensi moja kwamba tatizo lilikuwa lugha.

Yule mama wa Uvira nilimwendea mwenyewe, nisije nikamwacha asikie kwa watu. Alinisikiliza akikaanga ndizi.

"Kwa hiyo wamesema sikuelewa ulizo?"

"Ndiyo, mama."

"Uliniuliza kama nalala. Nikakuambia silali." Aligeuza ndizi, moja baada ya nyingine. "Ni nini pale ya kutoelewa?"

Alinipakulia, tukala, kisha akanisindikiza hadi mlangoni na kunishika mkono kwa muda mrefu. Alisema hatamsimulia tena mtu yeyote anayekuja na karatasi, hata akiwa mimi.

Nilimaliza shahada chini ya mwalimu mwingine, nikapata kazi hospitalini Coon Rapids. Dada bado hunipigia kila Krismasi. Naiacha simu iite mpaka inyamaze, halafu nashinda siku nzima nikimkumbuka, na hilo ndilo linaloniudhi zaidi.