Binti yangu na mpaka wa Mzee Otieno

Leo binti yangu amemnyamazisha Mzee Otieno mbele ya kijiji chote!

Akinyi wangu ni afisa wa kilimo. Alikuja kwetu Kisian kuomba wakulima wasilime ukingoni mwa mto, wapande miti hapo. Wakikataa, miche aliyoleta inapelekwa kwingine.

Mzee, jirani yetu mwenye shamba kando ya mto, akasimama.
"Wewe msichana nimekubeba mgongoni. Leo unanipunguzia shamba?"
Watu wakacheka. Wengine wakaanza kuondoka.

Akinyi hakubishana. (Hiyo hakuitoa kwangu, mnanijua!)
Akauliza kwa heshima, "Baba, mkonge wa mpaka wa shamba lako aliopanda babu uko wapi?"

Mzee akanyoosha mkono.
Mkono ukaonyesha katikati ya maji.

Jamani! Hata yeye aliuangalia huo mkono wake.
"Kumbe ni mto unaokula shamba," akasema polepole. Halafu kwa sauti: "Leteni hiyo miche. Mimi wa kwanza!"

Waliokuwa wanaondoka walirudi mbio kupanga laini. Miche imeisha!

Sasa hivi Mzee yuko mtoni anafukuza ng'ombe wake mwenyewe wasikanyage miti.
Wenye mabinti, semeni kitu. Mimi leo silali!