Ndimu kwenye Shavu la Baba Mkwe

Baba mkwe wangu alikuwa na vitu viwili ambavyo hakuna mtu nyumbani aliyeruhusiwa kuvigusa: wembe wake wa kukunja na meno yake ya bandia. Wembe aliununua enzi za ujana, alipokuja Dar kutoka kusini kuchonga vinyago. Meno alitengenezewa uzeeni, ya juu na ya chini, seti nzima, na tangu hapo akawa anazungumza nami ameziba mdomo kwa kiganja, yasije yakamponyoka mbele yangu. Tumeishi nyumba moja hapa Kiwalani miaka mingi, nimempikia, nimemfulia, na sikuwahi kumwona akicheka. Mimi ni mkwe. Kwao mkwe haonyeshwi kinywa kitupu, wala hamshiki baba mkwe uso, hata kumfuta uji.

Mimi niliona ni upuuzi mtupu, ila nilinyamaza kwa sababu kwetu nililelewa.

Kisha mikono yake ikaanza kutetemeka. Kwa mtu aliyewahi kuchonga kope za kinyago moja moja, jambo hilo lilimuuma kuliko alivyokuwa tayari kusema. Kazi ya kumnyoa akamkabidhi mwanawe, yaani mume wangu. Mume wangu ni mtu mwema sana, lakini mikono yake Mungu aliiumba kwa ajili ya kushika rimoti.

Siku ya Alhamisi, wageni wakiwa wanakuja Jumamosi kumposa binti yetu, akamkalisha baba yake uani, akampaka povu, akaanza. Meno ya mzee aliyaacha mdomoni. Mzee alikuwa amekonda, kwa hiyo ya chini yalishalegea na yalikuwa yanacheza. Wembe ulipofika shavuni, mume wangu akaukandamiza, meno ya chini yakaruka, shavu likabonyea, damu ikatoka. Haikuwa nyingi, lakini mume wangu alipiga kelele utadhani aliyekatwa ni yeye, akautupa wembe kwenye beseni na kukimbilia ndani kutafuta pamba.

Tukabaki na mzee mwenye shavu moja la bwana harusi na jingine la mtu aliyepotea porini. Akaingia chumbani, akajifungia.

"Posa pokeeni wenyewe," akasema. "Mie sitoki."

Binti yangu akalia, na hakuwa anadeka. Babu ndiye aliyemlea wakati mimi nashinda sokoni, na alishatangaza kwamba atakayempa mshenga jibu ni babu yake, si baba wala mjomba. Babu asipotoka, na yeye hatoki, wageni wale pilau yao warudi kwao. Namjua mtoto yule. Ukaidi wake kaurithi kwangu.

Vinyozi wa mtaani kwetu wanajua mashine tu, na mashine mzee aliichukia, alisema inang'oa. Sasa, mtaa mzima, mtu akijifungua na akataka mtoto anyolewe nywele alizozaliwa nazo, anaitwa nani? Naitwa mimi. Nimepitisha wembe juu ya utosi unaopumua na sijawahi kumkwaruza mtoto wa mtu. Kila mmoja nyumbani alilijua hilo na kila mmoja alikuwa anatazama dari. Nikaenda mlangoni nikalisema mwenyewe.

"Mkwe anishike kidevu?" sauti ikajibu kutoka ndani. "Bora nife na msitu wangu."

"Ukifa nao, baba, kuna mtu atakuosha, na huyo naye atakushika kidevu. Tofauti ni kwamba hutaweza kumkaripia."

Baadaye kitasa kikazunguka.

Nikaingia na beseni, brashi, bakuli la maji na ndimu moja kubwa niliyoiosha vizuri. Nikamweleza: meno yatoke, yakibaki yataruka tena. Yakitoka shavu litadidimia, kwa hiyo tutaweka ndimu ndani ya shavu ili ngozi ivutike. Nilichagua kubwa ambayo hata angetaka asingeweza kuimeza.

"Ndimu nitaweka," akasema, kiganja mdomoni. "Meno mbele yako hayatoki."

Sasa hapa kuna jambo ambalo hata mume wangu hakulijua. Meno yangu mawili ya mbele si ya kuzaliwa. Niliyaacha kwenye lami nikiwa msichana, nilipoanguka na baiskeli, na niliolewa nikiwa na kipande cha kuvaa na kuvua. Miaka yote ya ndoa nilikivulia chooni, nikakisugulia chooni, nikalala nacho. Nilikuwa tayari kuzikwa nacho. Nikakitoa, nikakidumbukiza kwenye bakuli mbele ya mzee.

"Haya," nikasema, maneno yakinitoka na upepo. "Sasa hapa nani amwonee haya nani?"

Akatazama bakuli. Akanitazama mimi. Akatazama bakuli tena. Halafu akacheka, kicheko kinene cha kijana mhuni, nami nikagundua kwamba nilikuwa sijui sauti ya kicheko chake. Akatoa ya juu, akatoa ya chini, akayaweka juu ya kipande changu.

Nikaunoa wembe kwenye mkanda wa mume wangu, nikaanza. Ndege zinazoshuka uwanjani hutikisa bati letu, kwa hiyo kila ikipita moja nilinyanyua wembe na tukasubiri, yeye na ndimu yake shavuni. Nikimaliza upande, anaihamishia wa pili kwa ulimi. Mdomo wa juu ulikuwa unanywea ndani, nikamrudishia meno ya juu peke yake, maana hayo bado yalishika, nikanyoa hapo taratibu.

Mume wangu akafungua mlango, na pamba yake mkononi. Akaona bakuli. Akaona mdomo wangu.

"Mke wangu," akasema. "Tangu lini?"

"Funga mlango bwana," baba yake akamwambia. "Watu tunanyoa."

Jumamosi mzee akakaa kiti cha mbele, kanzu imenyooka, mashavu yote mawili yanang'aa. Wageni nao walikuwa na mzee wao, mashavu yameingia ndani na ndevu zimebaki viraka mle mashimoni. Akamtazama mwenzake kwa wivu wa wazi.

"Ndugu yangu, unanyolewa wapi? Mie hapa shavuni vinyozi wote wananishinda."

Nilikuwa jikoni na mwiko mkononi, nasikia kila neno. Angeweza kutaja kinyozi yeyote wa mjini, na hakuna ambaye angemlaumu.

"Ananinyoa mkwe wangu," akasema, kwa sauti ya mtu anayetaka jikoni wasikie. "Meno navua mbele yake. Ana mkono ambao mie sina tena."

Halafu akamgeukia mshenga, akampa jibu ambalo binti yangu alikuwa akilisubiri, na vigelegele vikapanda. Yule mgeni aliposikika tena, alikuwa anauliza kama kesho nina nafasi.

Nilimpenda baba mkwe wangu, pale pale kwenye sufuria, kuliko nilivyowahi kumpenda mwanawe, na jioni nikamwambia mwanawe hivyo.