Jina Lililosomwa Geneva

Simu ilinikuta saa nne asubuhi katika ofisi ya kanisa, Kisumu, nikichapa ripoti. Namba sikuijua. Mwanamume aliyepiga aliongea kwa adabu, Kiswahili chake kimenyooka kama cha mtangazaji wa redio.

"Mwalimu, habari za kazi? Na mjukuu, kikohozi kimepungua?"

Dawa ya kikohozi nilikuwa nimeinunua saa moja tu iliyopita. Hakuna niliyemwambia.

"Wewe ni nani?"

"Rafiki. Nasikia mnaandika mambo ya kupeleka Geneva. Andikeni tu, nchi ni huru. Ni majina ndiyo huleta shida." Akakata.

Nilijifungia chooni.

Nilifundisha shule ya msingi mpaka nikastaafu, kisha kanisa likanifanya katibu wa kamati ya haki na amani. Kwa miaka mingi tulipatanisha ndugu waliogombania mipaka ya mashamba, basi. Baada ya maandamano ya kuipinga serikali watu wakaanza kuja na mambo mazito zaidi: huyu kavunjwa mguu, yule hajarudi nyumbani. Mwaka uliofuata ilikuwa zamu ya nchi yetu kuulizwa na nchi nyingine, kwenye Umoja wa Mataifa huko Geneva, inavyotunza haki za watu wake. Makanisa, msikiti mmoja na vikundi vya raia vya huku ziwani tuliungana kupeleka ripoti yetu wenyewe, kando na ile ya serikali. Kusikiliza na kuandika kukaniangukia mimi.

Karibu wote walitaka waandikwe kwa herufi tu. Jina kamili lilikuwa moja, la mpakiaji wa miwa kwenye malori ya Muhoroni, mwenyeji wa Katito. Siku mbili baada ya maandamano, watu wasio na sare walimkuta nyumbani akinywa uji, wakamtia ndani ya gari lisilo na namba. Hakuonekana tena. Mkewe ndiye aliyetaka jina liandikwe lote.

Nilimweleza padre, mwenyekiti wetu, habari ya simu. "Jina si letu, Mwalimu," akasema. "Ni la yule mama. Nenda umwulize kama bado anakubali."

Nilikwenda Katito kesho yake, lakini kusema kweli sikwenda kuuliza. Nilikwenda kumshawishi aliondoe. Ndani ya matatu nilipanga maneno njia nzima, nikigeuka kutazama kila gari lililokaa nyuma yetu kwa muda mrefu.

Nilimkuta sokoni akipepeta mtama. Alinipa kigoda. Nikaanza: nakuogopea wewe na watoto, herufi zinatosha, wazungu wenyewe hawamjui mtu wa Katito. Alinisikiliza huku akitoa mawe kwenye ungo.

"Mwalimu, wamekupigia simu?"

Nikainama kuokota punje za mtama zilizomwagika.

"Mimi wananipigia tangu mwaka jana. Wananiuliza watoto wanatoka shule saa ngapi."

"Mbona hukuniambia, mama?"

"Ningekuambia, ungeandika?"

Machozi yakanitoka. Niliona aibu iliyopita hata hofu yenyewe, maana alijua tangu mwanzo ninayemwogopea ni nani.

"Usilie hapa soko," akasema, "watu watadhani umeniletea habari ya matanga." Akaweka ungo chini. "Kila ofisi nikienda, wananiambia huyo mtu hawamjui. Nataka mtu asome jina yake kwa sauti, na serikali iwe imekaa hapo, inasikia."

Basi tuliliacha lilivyo kwenye ripoti.

Siku ya kikao cha Geneva tulikaa watatu tukikitazama kwenye kompyuta ya kanisa: padre, yule mama na mimi. Mwanasheria wa muungano wetu alipewa dakika mbili kwenye ule ukumbi mkubwa. Alisoma haraka haraka, na alipofika kwenye jina alikosea silabi ya mwisho. Yule mama akalirudia taratibu, sawasawa, kama anayemwita mtu aliye chumba cha pili. Mimi nilikuwa natazama mlango. Mjumbe wa serikali alijibu kwamba malalamiko yote yanachunguzwa, wakaendelea na mengine.

Mumewe hajarudi mpaka leo. Ila wiki kadhaa baadaye yule mama aliitwa polisi kuandikisha maelezo, mara ya kwanza tangu mumewe achukuliwe, akaniomba nimsindikize. Usiku wa kuamkia siku hiyo sikulala, na asubuhi nilitafuta kisingizio, nikakikosa.

Tuliketi kwenye benchi la mbao tukisubiri. Nilimnong'oneza, "Unaogopa?"

"Sana," akasema. Afisa akamwita, akainuka, nami nikainuka naye.