Siku Niliyopima Viini Vitatu

Chumba cha seva cha hospitali nilikofanya kazi, hapa Kakamega mjini, zamani kilikuwa stoo ya mashuka. Hakina dirisha. Wiki ile nilishinda humo nikitafuta kwa nini mafaili ya wagonjwa yalikuwa yanachelewa kufunguka kwenye kompyuta.

Tulikuwa tumebadilisha kiini, ile sehemu ya ndani kabisa ya mfumo inayoigawia kila programu zamu yake. Makao makuu ya hospitali zetu waliamuru, maana kiini cha zamani kilikuwa na mwanya wa wadukuzi. Tangu hapo hifadhidata, iliyokuwa ikileta jina la mgonjwa papo hapo, ikawa inajikokota. Makao makuu wakasema kosa ni langu.

"Thibitisha kwamba ni kiini," bosi aliniambia. "Na usitoke humo kabla sijapata majibu. Nina mkutano nao saa nane."

Niliipa seva ya akiba nakala ya hifadhidata na kuiuliza maswali yaleyale, kwa mpangilio uleule, chini ya viini vitatu: cha zamani, cha kati na kipya. Kila kimoja mara tatu. Stima ilipotea mara mbili asubuhi hiyo. Mara zote mbili nilianza upya.

Saa tano mama mmoja wa ofisi ya rekodi akabisha.

"Mama yako yuko kwa laini ya wagonjwa huku. Tangu saa mbili."

Mama alikuwa ametoka Mumias kuja kupimwa presha. Hakuwa ameniambia.

"Si umpitishe mbele?"

"Nimejaribu, amekataa. Anasema hao wengine hawana mtoto humu ndani."

Nilitoka. Alikuwa kwenye benchi, leso kichwani, miguu imevimba. Mbele yake walikuwa watu kama thelathini, na karani amekodolea macho kioo cha kompyuta ambacho hakikumjibu.

"Asalaam aleikum, mama."

"Waaleikumu salaam. Rudi kazini, bosi wako anatuangalia."

Alikuwa anatuangalia kweli. Nikarudi, nikafunga mlango, nikakaa mbele ya mashine ambayo sikuweza kuihimiza wala kuigusa, kwa sababu ningeigusa tu kipimo kingeharibika. Sijawahi kuona dakika zikitambaa vile. Mama yangu alikuwa anamsubiri karani, karani anaisubiri hifadhidata, hifadhidata inanisubiri mimi, nami nimekunja mikono.

Kiini cha zamani na cha kati vilikwenda karibu sawa. Kipya kilichukua karibu mara mbili ya muda huo. Nikampa bosi majibu kabla ya saa nane.

Bosi alirudi kutoka mkutanoni amenuna. "Wamekubali si kosa lako. Lakini cha zamani hawataki kukisikia."

"Na cha kati? Ule mwanya ulishazibwa humo, nimehakikisha."

Akapiga simu papo hapo. Saa kumi tukapata ruhusa. Tulipozima seva kubwa ili tubadilishe, laini ilisimama kabisa na watu wakaanza kunung'unika. Ilipowaka, majina yakaanza kuitwa mfululizo.

Daktari alikuta presha imepanda, akamkataza mama safari. Nikampeleka kwangu Lurambi. Nikiwa nampikia chai nilimweleza kwamba ule mfumo uliomkalisha benchi ni mimi niliyeuweka.

"Ningejua," mama akasema, "ningekuja kesho."

Jumatatu makao makuu waliandika barua ya kunipongeza. Kuanzia sasa, ilisema, hakuna kiini kipya kitakachowekwa popote kabla sijakipima mimi, na kipimo kifanyike palepale, kwenye chumba changu kisicho na dirisha.