Muuguzi wa Kibimba aliyerudi kulifuta neno lake

Saa mbili asubuhi, siku ya kliniki ya watoto katika zahanati moja ya kata ya Kibimba, wilayani Ngara. Domisiana Anastazi anashika mguu wa mtoto wa wiki sita, anapangusa kisigino kwa pamba yenye spiriti, kisha anachoma mara moja. Mtoto anakunja uso, anavuta pumzi na kuanza kulia.

"Pole, baba, tumemaliza," anamwambia. Tone moja la damu linatosha.

Wakati kipimo kikisubiriwa, Domisiana anageuza kalenda ya mwaka juzi na kuanza kuchora nyuma yake. Duara ni mwanamke, mraba ni mwanaume. Anamuuliza mama wa mtoto, Suzan, kuhusu ndugu zake, kisha ndugu za mumewe: nani yuko hai, nani alifariki akiwa mdogo, nani alikuwa akivimba mikono au kupata macho ya njano. Kila jibu linapata alama yake kwenye karatasi.

Anachokitafuta ni selimundu, ugonjwa wa damu ambao wengi huuita sikoseli. Baada ya dakika kumi anamweleza Suzan kwamba mtoto haumwi, ila amebeba kinasaba kimoja cha ugonjwa huo, na kwamba atakua na kucheza kama wenzake.

"Amekitoa kwangu au kwa baba yake?" Suzan anauliza.

Domisiana anaweka kalamu mezani, kisha anamwambia kwamba hilo halijulikani mpaka wazazi wote wawili waje kupimwa, na kwamba yeyote atakayekutwa nacho hana kosa, maana naye alizaliwa nacho. Anamwomba arudi na mumewe Jumanne ijayo.

Suzan akishatoka, muuguzi huyo anaikunja karatasi yake. "Swali lile ndilo ninaloliogopa kuliko yote," anasema. "Niliwahi kulijibu vibaya."

Domisiana ana miaka arobaini na moja na amefanya kazi ya uuguzi na ukunga kwa miaka kumi na sita, yote katika zahanati za vijijini wilayani Ngara. Mwaka 2023 alijiunga na kozi ya tiba ya vinasaba kwa watumishi wa afya, inayotolewa na chuo kimoja jijini Mwanza. Ni masomo ya muda wa ziada, yaliyogawanywa katika moduli nane zinazopishana kwa miezi kadhaa. Kila moduli huchukua wiki sita za kusoma kwa simu, na siku nne za darasani Mwanza.

Darasa lao lina watu ishirini na sita. Wengi ni madaktari na wataalamu wa maabara kutoka hospitali kubwa. Anayetoka zahanati ni yeye peke yake.

"Mwalimu alipotania, wenzangu walicheka. Mimi nilikuwa bado natafuta maana ya neno la kwanza," anakumbuka.

Alianza kuandika upya kila somo kwa Kiswahili katika daftari lake. Pale Kiswahili kilipomgomea, aliandika kwa Kihangaza, lugha ya nyumbani kwao. Vinasaba aliviita imbuto, yaani mbegu, kwa sababu ndilo neno ambalo mama yake, mkulima wa kahawa na migomba, angelielewa.

Mganga mfawidhi wa zahanati, Jovitus, anakiri kwamba mwanzoni hakuona maana yake. Alimuuliza kozi ya vinasaba itaisaidia nini zahanati ambayo wakati mwingine hukosa hata glavu. Hata hivyo alimpangia zamu ili apate siku za kwenda Mwanza, na zamu nyingine akazishika mwenyewe.

Moduli ya tatu ilihusu magonjwa ya kurithi. Mwishoni kulikuwa na maswali ya kujipima. Moja liliuliza: mtoto ana selimundu, baba yake hajawahi kuugua, je, unaweza kusema nini kuhusu baba huyo? Domisiana alichagua jibu lililosema baba hahusiki. Simu ikamwonyesha alama nyekundu, na chini yake maelezo: mtoto hawezi kuwa na ugonjwa huo bila kurithi mbegu moja kwa mama na nyingine kwa baba. Kila mmoja wao anaweza kuwa mzima kabisa.

Anasema alisoma sentensi hiyo mara nne. Kisha akamkumbuka Rozalia.

Mwaka 2013 Domisiana alikuwa katika zahanati nyingine, kata ya Murukulazo. Rozalia alikuwa mke wa mkulima mmoja, Frednand. Watoto wao wawili wa kiume walikuwa wamefariki kabla ya kufikisha miaka mitatu, na wa tatu, Ineza, aliletwa mara kwa mara akiwa amevimba vidole na kuishiwa damu. Hospitali ya wilaya ilikuwa imethibitisha kwamba ana selimundu.

Siku moja mama mkwe wa Rozalia alimfuata Domisiana na kumuuliza ugonjwa ule unatoka upande gani. Muuguzi alikuwa amesikia kwamba mdogo wake Rozalia naye alifariki utotoni akiwa na dalili hizohizo. Upande wa Frednand hakukuwa na habari kama hiyo. Akajibu kwamba inaonekana unatoka kwa mama.

"Nilisema huku naandika kwenye rejista. Sikuinua hata kichwa," anasema.

Mwezi haukuisha. Rozalia alirudishwa kwao, wilayani Biharamulo, akiwa na mtoto wake mgonjwa na mfuko mmoja wa nguo. Frednand alioa mke mwingine, wakapata watoto wanne, wote wazima. Kwa majirani, huo ukawa ushahidi.

Domisiana alizisikia habari hizo baadaye. Zilimsikitisha, lakini hakuona kama zinamhusu. Ile alama nyekundu kwenye simu ndiyo iliyomwonyesha kwamba zinamhusu.

Siku za darasani zilipofika, alibaki nyuma baada ya kipindi na kumsimulia mwalimu wake, Daktari Erasmus. Mwalimu hakumlaumu. Alimwonya kwamba hana ruhusa ya kumpima Frednand bila ridhaa yake, wala kueleza damu ya mtu kwa mtu mwingine, na kwamba katika nyumba ile sasa kuna mke wa pili na watoto wanne wa kufikiriwa. Alichoweza kufanya ni kurekebisha maneno yake mwenyewe, akianza na yule ambaye yalimuumiza.

Domisiana alikuwa ameshaambiwa kwamba Rozalia anapika chakula Lusahunga, pale malori yaendayo Rusumo yanaposimama. Basi la Mwanza hupita hapo. Anakiri kwamba safari ya kwanza alimwona kwa dirisha, akiwa amejifunga kitenge, akikoroga sufuria, na hakushuka. Safari ya pili alijifanya amelala. Ya tatu alimwomba kondakta asimamishe.

Rozalia alimtambua mara moja. Walisalimiana, akampa kiti, akaendelea kuwahudumia madereva wawili waliokuwa wakisubiri wali. Domisiana alisubiri. Madereva walipoondoka, alimweleza yote: alichosema mwaka ule, alichosoma sasa, na kwamba alikosea.

Rozalia, ambaye leo ana miaka thelathini na saba, anaikumbuka vizuri siku hiyo. Anasema hakulia wala hakukasirika. Alichukua sufuria iliyokuwa safi akaanza kuisugua.

"Nilimwambia, sista, miaka kumi na moja nimelala na kuamka nikijua mimi ndiye niliyewaua wanangu," anasimulia. "Halafu nikamwambia, nikijua mimi peke yangu haitoshi. Uliwaambia wao. Nenda ukawaambie wao."

Siku hiyohiyo Domisiana alimwona Ineza, aliyekuwa na miaka kumi na tatu. Alikuwa amelala chumba cha nyuma, magoti yakimuuma, akiwa amekosa shule wiki mbili. Hakuwa kwenye kliniki yoyote. Rozalia alikuwa ameacha kumpeleka, kwa sababu aliamini ubaya uko kwenye damu yake na hakuna dawa ya hilo.

Kumwona Frednand kulikuwa kugumu zaidi. Alimpokea vizuri, lakini aliposikia jina la Rozalia alisema mambo yale yalikwisha, na akamwomba asiyarudishe nyumbani kwake. Muuguzi aliaga. Alimwachia neno moja tu, kwamba akitaka kujua zaidi, yuko Kibimba kila siku isipokuwa Jumapili.

Wiki tatu zilipita. Kisha asubuhi moja Frednand alifika zahanati kwa baiskeli, peke yake, akakaa kwenye foleni ya akina mama na watoto mpaka zamu yake ikafika. Alisema hakuwa amelala vizuri tangu siku ile.

Alipimwa. Alikuwa amebeba kinasaba cha selimundu.

Domisiana alimweleza kwa maharage. Alimpa mawili, jeupe na jekundu, jekundu likiwa mbegu ya ugonjwa, akachukua mawili ya namna hiyohiyo mkononi mwake. Akamwambia kila mzazi humpa mtoto moja bila kuchagua. Wakatoa mojamoja mara kadhaa, bila kutazama. Yalikuja meupe mawili, yakaja mchanganyiko. Mara ya tano yakaja mekundu mawili, na Frednand akaacha kutoa.

"Niliyatazama yale mawili," anasema Frednand. "Moja lilikuwa limetoka mkononi mwangu."

Mke wake wa pili alikubali kupimwa naye, akakutwa hana mbegu hiyo. Ndiyo maana watoto wao wanne hawaugui, ingawa wawili wameibeba kama baba yao. Hiyo nayo ilibidi ielezwe nyumbani, ili watakapokua na kutaka kuoa au kuolewa wapime kwanza wao na wenzao.

Frednand mwenyewe ndiye aliyeomba jambo hilo lisemwe mbele ya ukoo. Walikutana Murukulazo Jumapili moja baada ya misa, watu kama kumi na watano, akiwemo mama yake, ambaye sasa haoni vizuri. Rozalia alikataa kukanyaga pale. Alikubali kusikiliza kwa simu, ambayo iliwekwa juu ya kigoda ikiwa kwenye spika, na kila mara malori ya Lusahunga yakasikika yakipita.

Domisiana aliwaamkia wazee, akasimama. Alisema yeye ndiye aliyetoa neno lile mwaka 2013, kwamba halikuwa kweli, na kwamba hakuwa na elimu ya kulisema. Kisha Frednand akasema kuhusu damu yake mwenyewe. Mama yake aliuliza mara mbili kama ina maana ugonjwa ulitoka kwake au kwa marehemu mumewe. Domisiana alimwambia ndiyo, mbegu ilitoka kwa mmoja wao, lakini hata wao hawakujua na hawakukosea.

Mzee mmoja alimuuliza Rozalia kwa simu anataka nini, akidhani labda atataja ng'ombe au shamba.

"Naomba niruhusiwe kuja kuyaona makaburi ya wanangu," Rozalia alijibu.

Alikuja tarehe mbili Novemba, siku ambayo Wakatoliki huwaombea marehemu wote. Alikuta makaburi yamepaliliwa na kuwekwa maua. Mama mkwe wake wa zamani alimshika mkono njia nzima, kwa sababu ya macho yake, na Rozalia anasema hakuutoa. Jioni alirudi Lusahunga. Watu humuuliza kama atarudiana na Frednand, naye hucheka tu. Anasema ana kazi yake na amejenga vyumba viwili.

Ineza sasa ana miaka kumi na minne. Kila mwezi baba yake humchukua Lusahunga na kumpeleka kliniki ya hospitali mjini Biharamulo, ambako hupewa dawa ya kupunguza maumivu makali na kuishiwa damu. Mwaka uliotangulia, kabla ya dawa hiyo, alizidiwa na kulazwa mara tano. Mwaka huu amelazwa mara moja. Yuko kidato cha kwanza, na mama yake anasema kinachomsumbua zaidi siku hizi ni hesabu.

Domisiana amebakiza moduli mbili. Kwa mradi wake wa masomo, aliopewa kibali na wilaya, amekwisha kupima watoto 214 wanaokuja kwa chanjo ya wiki sita. Watatu walikutwa na ugonjwa wakiwa bado hawajaonyesha dalili yoyote, na wote wameanza dawa. Matumaini yake ni kwamba siku moja kipimo hicho kitakuwa cha kawaida katika kila zahanati ya Ngara na Biharamulo, kama ilivyo kumpima mtoto uzito. Jovitus, aliyekuwa na mashaka, ndiye sasa anayeandika barua za kuomba vipimo.

Lakini ana kazi nyingine ambayo haimo kwenye mtaala. Amepitia rejista zake za zamani, na kwa kadiri anavyokumbuka, jibu alilompa mama mkwe wa Rozalia aliwahi kulitoa kwa familia nyingine tano. Amezifikia tatu. Katika mbili kati ya hizo, hakuna kilichokuwa kimeharibika. Walimshangaa kwa kuja kutoka mbali kwa jambo la zamani. Katika ya tatu walilia wote pamoja.

Familia ya tano bado anaitafuta. Ya nne ilihamia upande wa Biharamulo, na hajui kama mke na mume bado wako pamoja. Amepata jina la kijiji tu, na atakwenda Jumamosi hii.

"Nikifika nitauliza kwanza kama yule mama yupo," anasema. "Nikiambiwa hayupo, nitauliza alikokwenda, nitamfuata hukohuko."