Kunguni na Mdudu wa Maharage

Mama mkubwa alishuka kutoka Kibati na godoro kichwani, siku zile watu wa huko walipokuwa wakikimbia vita kuja mjini. Tulimpokea kwetu Majengo, akalala chumba kimoja na mama, mdogo wake. Chai yenyewe hajaimaliza, akasema, "Nikiona nasumbua watu, nitaenda kulala mu kambi." Mama akamwongezea chai. Kambi alikuwa ameiona: maturubai juu ya mawe makali ya volkano, na kifua cha dada yake hakiwezi baridi.

Asubuhi nilikuta mdudu kwenye mshono wa godoro. Mimi mdomo wangu hauna breki.

"Kunguni!" nikasema, na mama mkubwa yuko palepale mlangoni.

Mama alimponda yule mdudu kwa kidole, akanisogezea puani. "Nusa muzuri. Hii ni kadudu ya maharagi. Dada ametoka nayo mu shamba."

Harufu kweli ilikuwa ileile. Lakini mdudu wa maharage namjua tangu utoto: mpana mabegani, mabawa kayakunja mgongoni, anakaa juani juu ya ganda na kulifyonza bila kujificha. Huyu hakuwa na bawa hata moja. Alikuwa bapa kama dengu, mwekundu kwa shibe, na aliyefyonzwa ni mmoja wetu. Wote wawili wana mdomo kama sindano, wote wananuka ukiwaponda. Uongo wa mama ulisimama juu ya harufu tu.

Nilitaka kubisha, mama akanikazia macho.

"Eeh, ni ya maharagi," nikasema. Nilikuwa nimekasirika, na nilimpenda mama kupita kiasi saa ile.

Mama aliendelea kulala kando ya godoro lile, na mbele ya dada yake hakujikuna hata kidogo. Ila siku moja, akifua, alikunja mikono ya gauni kwa kusahau. Mama mkubwa akaona vipele vimejipanga mpaka kwenye kiwiko. Akaushika ule mkono, akautazama kwa muda mrefu. Nilidhani sasa atafunga mzigo aende kambini.

"Mudogo yangu," akasema, "maharagi ya kwetu inaumaka sana."

Walicheka mpaka mama akakaa chini, kisha wakalia. Mama mkubwa alitangulia kujifuta macho.

"Weka maji ku moto," akaniambia. "Tuoshe godoro yetu."